Sura ya Tano: Miwa Ndani ya Sanduku la Taa

Katika miaka kumi na tisa ya kazi, Sajini Losalini Drodrolagi alikuwa amepeleleza wizi wa ng'ombe, wizi wa injini ya mashua, na mara moja wizi wa jeneza ambalo mwenyewe alikuwa tayari yumo ndani. Lakini hakuwa amepata kuamshwa Jumamosi asubuhi ili aende kutazama miwa. Lautoka ni mji ambao miwa hudondoka barabarani kutoka kwenye malori, na mbuzi wenyewe wameikinai.

Miwa hii ilikuwa imelala ndani ya sanduku refu la mbao, juu ya meza ya stoo, katika kiwanda cha maji ya chupa cha Bwana Jitendra Parmar. Vipande kumi na viwili, vyote urefu mmoja, kila kimoja kimelazwa kwenye kitanda chake cha sponji kama vitoto vichanga katika wodi ya wazazi.

"Hapo," alisema Parmar, akinyoosha kidole, "palitakiwa pawe na taa."

"Taa za namna gani?"

"Za joto! Za kwenye mashine ya kupulizia chupa. Zimekuja kwa ndege kutoka Ujerumani, nimezingoja wiki tano. Leo saa moja nafungua sanduku, Wajerumani wananipa miwa!"

"Wajerumani hawalimi miwa, bwana."

"Najua hawalimi miwa! Ndiyo maana nimekuita!"

Parmar alikuwa mfupi, mwenye tumbo lililotangulia na shati jeupe lililokwisha kulowa jasho kabla jua halijapanda. Losalini alitoa daftari, akalamba ncha ya kalamu, akaanza kumchambua polepole kama mtu achambuaye mchele.

Sanduku lilifika lini? Jumatano. Nani alilipokea? Fundi mkuu, Faiyaz Ali. Alilifungua, akazihesabu taa kumi na mbili, akalifunga, akaliweka stoo. Funguo za stoo ziko ngapi? Mbili. Mmoja anao Faiyaz. Wa pili umetundikwa ukutani nyumbani kwa Parmar, ng'ambo tu ya ukuta wa kiwanda.

"Na nyumbani kwangu hakuna mwizi," Parmar aliongeza. "Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Mbili toa moja."

"Faiyaz yuko wapi sasa?"

"Nimemfungia ofisini."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu!"

"Basi mfungulie kwa amri yangu. Na kabla hujaenda, nani mwingine ameiona hii miwa?"

"Hakuna. Mimi na yeye tu. Wafanyakazi nimewaambia taa zimeibwa, basi. Unataka nchi nzima inicheke?"

Losalini aliliandika hilo na kulipigia mstari chini. Parmar alipotoka, aliinamia sanduku. Mtu wa Lautoka akikata muwa hukata kwa panga, na panga huacha mkato wa mshazari. Hii ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma. Ncha zote zilikuwa bapa, zina mikwaruzo midogo midogo. Ncha hizo zilikuwa zimeanza kukauka na kuwa nyekundu, ila katikati bado mbichi. Siku mbili, si zaidi. Alhamisi, basi. Akaisogeza pua kwenye sponji, akatarajia utamu wa miwa. Utamu ulikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, kali, nzito, inayoshika pua na kukaa.

Mvuje. Ule utomvu wa jikoni ambao ukiutia mchuzini Jumatatu, majirani wanajua mpaka Ijumaa.

Akalifunga sanduku, akabandika karatasi ya polisi juu yake.

*

Faiyaz Ali alikuwa amekaa ofisini mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, ndevu zimechanganyika mvi, na kwenye mfuko wa shati palichungulia glovu nyeupe za pamba zilizokunjwa vizuri.

"Umezichukua taa, bwana Faiyaz?"

"La, dada."

"Unamjua aliyezichukua?"

Alizisukuma glovu ndani ya mfuko. "Mimi ni fundi. Najua mashine."

"Haya, niambie kuhusu mashine."

Hapo uso ukamfunguka. Chupa, alisema, haizaliwi chupa. Inazaliwa kijichupa kinene cha plastiki, kama kidole gumba. Vijichupa hivyo vinapita kwenye tanuri huku vikizunguka, mbele ya safu za taa, vinalainika, halafu vinapulizwa kwa upepo ndani ya kalibu, vinakuwa chupa. Jana Ijumaa umeme ulipiga teke, taa nane zikaungua kwa mpigo mmoja. Bila hizo nane, plastiki inatoka ngumu upande mmoja na uji upande wa pili.

"Na leo ingekuwa siku ya kawaida, tungengoja," Faiyaz alisema. "Lakini kuna meli Jumatatu asubuhi. Inapeleka maji visiwani, kule kimbunga kilikopita. Bahari imeingia visimani. Kuna watu wanachemsha maji ya chumvi, dada. Mashine hii isipoanza leo jioni, meli itaondoka tupu."

Losalini alikuwa mtu wa visiwani. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Taa hizi mtu anaweza kuzitumia kwa nini kingine?"

"Kitu chochote kinachotaka kukauka haraka. Hazipashi hewa, hewa haina habari nazo. Zinakipasha kile tu zinachokitazama. Kama jua: kaa kivulini, huna shida nalo, toka nje, utajua."

"Nimeambiwa ndugu yako ana gereji ya kupaka magari rangi."

"Nilijua tutafika huko," Faiyaz alisema, bila chuki. "Ndiyo, anakaushia rangi kwa taa za joto. Tuma mtu akazione."

Alikuwa ameshatuma mtu. Simu ililia papo hapo. Alikuwa Konstebo Ronil, kijana mwenye bidii kubwa kuliko breki zake.

"Afande, nimewakamata! Taa za joto tatu, nyekundu, zinawaka!"

"Zina urefu gani?"

"Urefu? Kama... kama papai, afande."

"Ninazotafuta ni ndefu kama mkono wako, nyembamba kama kalamu. Hizo zina nini tena?"

Ilisikika sauti ya mtu akipangusa kitu. "Zina kutu, afande. Na hapa pameandikwa mwaka. Afande, hizi taa zinanizidi umri."

"Basi waamkie, uombe radhi, urudi."

"Na yule mzee niliyemtia pingu?"

"Ronil!"

"Namfungua, afande. Ninamfungua sasa hivi. Funguo... afande, nitakupigia baadaye."

*

Ukumbi wa mashine ulikuwa kimya, na kimya cha kiwanda ni kizito kuliko kelele zake. Tanuri lilikuwa wazi ubavuni; safu za taa zilionekana ndani kama meno, nane zimeingia weusi. Aliyekuwa ameikalia ndoo pembeni yake alikuwa mwendesha mashine, Apakuki Naisoro, jitu la mraba lenye masikio yaliyopondwa na raga. Alipomwona Losalini alisimama, akapiga makofi matatu.

"Bula, mtani! Kumbe polisi imefilisika mpaka inaajiri watu wa Vunidilo?"

Losalini alikuwa wa Vunidilo, Apakuki wa Nakoroivau, na vijiji hivyo viwili mzimu wao wa kale ulikuwa mmoja. Watu wa mzimu mmoja hutukanana matusi ya nguoni wakikutana, na anayekasirika ndiye mjinga.

"Imeniajiri nikawahesabu watu wa Nakoroivau walioko rumande," alijibu. "Nimeanza mwaka jana, sijafika nusu."

"Na hivyo viatu kakuazima nani? Kwenu si mnapokezana kandambili moja kijiji kizima?"

"Sisi angalau tunapokezana. Nyinyi mnaibiana."

Apakuki alicheka mpaka ndoo ikaanguka. Losalini alimuuliza maswali yake: alikuwa wapi Alhamisi, nani alimwona karibu na stoo. Alikuwa zamu ya mchana, hakuona mtu, yeye ni mtu wa kubonyeza vitufe, habari za stoo hazijui. Alijibu haraka, na kila jibu alilifunga kwa mzaha, kama mtu anayepiga kufuli juu ya kufuli.

"Haya, mtani, nimemaliza," Losalini alisema.

"Nenda, nenda kamalizie kuutafuna ushahidi wako. Nawajua ninyi kwa ulafi. Ikifika jioni mahakama itakuta makapi matupu!"

Losalini alicheka, akaondoka. Alipiga hatua nne ndipo kicheko kikamkauka. Hakugeuka. Akafungua daftari akiwa anatembea, akaandika neno moja: *makapi*.

Sasa alijua mkono mmoja. Lakini mkono ule ulikuwa wa raga na grisi, haukunuka mvuje.

Nyuma ya kiwanda, chini ya ukuta unaokitenga na nyumba ya Parmar, kulikuwa na mapipa manne ya taka. Mvua iliyokuwa ikinyesha wiki tatu mfululizo ilikuwa imeyageuza mapipa hayo kuwa supu. Losalini alivaa glovu za mpira, akakunja suruali, akaanza na la kwanza. Wapelelezi wa kwenye televisheni hawafiki kwenye mapipa. Hufika pale penye bastola. Katika pipa la kwanza alipata vifuniko. La pili, mabaki ya dagaa wa kopo na paka aliyedai kuwa alitangulia. La tatu lilikuwa na kifurushi ndani ya mfuko wa plastiki, kimezungushiwa gazeti la Kihindi, kikafungwa kwa uzi mweupe kwa fundo zuri, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino, herufi kubwa za mtu aliyesomeshwa na walimu wakali: KIOO. ANGALIA VIDOLE.

Alikitazama kwa muda. Wezi aliowazoea walivunja chupa juu ya kuta ili polisi wakatike. Huyu alikuwa akiwaonea huruma wazoa taka.

Ndani mlikuwa na vipande vya mrija mwembamba wa kioo. Upande mmoja ulipakwa rangi ya dhahabu. Juu ya kioo kilicho safi palionekana mabaka meupe kama ukungu, madogo, ya mviringo. Gazeti lilinuka mvuje waziwazi, na kwenye kona palikuwa na punje ya unga mkavu, ngumu kama saruji.

*

Kabla Faiyaz hajashika kipande cha kwanza, alivaa glovu zake za pamba. Alikiinua kwenye mwanga.

"Hii ni yetu. Na aliyeiwasha si fundi."

"Umejuaje?"

"Taa hizi haziguswi kwa mkono mtupu. Fundi afadhali amshike mama mkwe shavu. Mafuta ya ngozi yanabaki kwenye kioo; ukiwasha, yanaungua, yanazama ndani. Hayatoki tena, hata usugue na dua. Palipoguswa panageuka peupe, panadhoofika, mwisho panapasuka. Kama hivi."

Losalini aliyasogelea yale mabaka. Ndani ya ukungu aliona mistari, imejikunja, imezunguka, imekamilika.

"Kwa hiyo anayeigusa anaacha alama ya vidole."

"Anaacha hati ya kukiri," alisema Faiyaz.

"Miaka kumi na tisa nawapaka watu wino, kumbe kuna taa inafanya kazi hiyo yenyewe." Aliweka kidole chake kando ya baka. Chake kilikuwa kikubwa zaidi. Vya Apakuki vilikuwa kama ndizi za kuchoma. Vya Parmar, vinene na vifupi. Huyu alikuwa mtu mdogo, mwenye mafuta ya kupikia vidoleni, anayekanda unga wa choroko na kuutia mvuje.

"Bwana Faiyaz, nani hapa jirani anatengeneza papadi, vile vichapati vikavu vya kukaanga?"

Fundi alikirudisha kipande mezani taratibu, akavua glovu kidole kimoja kimoja. Macho yake yalikwenda dirishani, kwenye ukuta, yakarudi.

"Ulijua," Losalini alisema.

"Sikujua. Nilinusa."

"Tangu sanduku lilipofunguliwa?"

"Yule bosi alikuwa anapiga kelele, pua yake ilikuwa na kazi nyingine."

"Ukakubali ufungiwe ofisini, uitwe mwizi mbele ya watu?"

"Dada," Faiyaz alisema, "nina miaka ishirini na miwili hapa. Kila Idi, mama yake bosi anavuka ukuta huu na sahani ya vitamutamu, kaishika mwenyewe. Mke wangu alipolazwa, alimpelekea uji siku arobaini. Nimtaje mimi? Heri niitwe mwizi. Nilidhani atazirudisha tu."

Losalini alifunga daftari. Kuna majibu ambayo hayaandikwi.

Kwanza alirudi kwa mtani wake.

"Apakuki. Nani alikwambia kuna miwa?"

"Miwa gani?"

"Makapi."

Jitu lilifungua mdomo, likaufumba. Likakaa tena juu ya ndoo, na ndoo ikalia.

"Aah," alisema. "Mdomo wangu huu."

"Mdomo wa Nakoroivau. Haujawahi kuwaletea heri."

"Sikuiba, mtani, wallahi ya Kimethodisti. Niliazima! Bibi alisema mpaka Jumapili tu. Jumatatu ndiyo tungebadilisha taa, nani alijua umeme utapiga teke Ijumaa? Alinipa ufunguo, nikamfungia taa tatu kibarazani kwake, zingine akaziweka akiba, nikamwambia usiziguse. Amezigusa?"

"Moja imeshapasuka."

"Mungu wangu. Na miwa nilitia ili sanduku lisiwe jepesi mtu akiliinua. Nilikata shambani kwa kaka yangu, nikaipima na kuikata kwa msumeno hapa kwenye karakana."

"Kwa nini hukukataa?"

Apakuki alimtazama kama amemuuliza kwa nini mvua inalowesha. "Wewe umeshawahi kumkatalia bibi wa miaka sabini na saba, amekushikia sahani, anakuangalia unavyokula?"

*

Savitaben Parmar alimfungulia Losalini mlango wa nyuma akiwa amevaa sari ya pamba na miwani ya jua ya mjukuu wake, yenye fremu ya waridi.

"Ingia mwanangu. Vua viatu. Usikanyage papadi."

Kibaraza kizima kilikuwa papadi. Zilitandazwa juu ya mashuka, juu ya viti, juu ya meza ya kupigia pasi. Mia kadhaa, nyembamba, za rangi ya krimu, zimetiwa pilipili manga. Juu ya meza ndefu, kwenye kamba ya kuanikia, zilining'inia taa mbili zikiwaka rangi ya chungwa, kila moja ina mabaka meupe mwilini. Joto lake lilimpiga Losalini usoni kana kwamba amefungua mlango wa saa saba mchana. Nje mvua ilikuwa ikiendelea na shughuli zake.

"Mama," Losalini alisema, "mimi ni Sajini Drodrolagi. Nimekuja kwa ajili ya taa."

"Najua. Nilikuona kwenye mapipa. Umepata kile kioo? Hukujikata?"

"Sikujikata, mama. Ahsante."

"Vizuri. Chai?"

Kabla hajajibu, Parmar alitokea mlangoni, amefuata nyayo, na nyuma yake Faiyaz aliyekuwa akijaribu kumzuia. Mwenye kiwanda aliziona taa. Alimwona mama yake. Akaziona tena taa, kana kwamba alitarajia moja kati ya vitu hivyo viwili itoweke.

"Mama!"

"Viatu, Jitendra."

Alivua viatu. "Mama, umeniibia?"

"Nimekuibia? Nani alisema mezani, mbele ya watu wote, akipunga kijiko: 'Mama, taa hizi ni maajabu, zinakausha kitu kwa sekunde bila kukiunguza'? Si wewe? Siku kumi zimebaki mjukuu wangu aolewe. Mvua wiki tatu. Nikakwambia papadi hazikauki. Ukanijibu nini?"

Parmar aliangalia miguu yake isiyo na viatu. "Nilisema tununue za dukani."

"Za dukani!" Mama alimgeukia Losalini, miwani ya waridi ikimetameta. "Mwanangu, andika hilo. Herufi kubwa. Za dukani, zinazotengenezwa na mashine!"

"Lakini Mama, hizi nazo..."

"Hizi zimekaushwa na mashine. Zimetengenezwa na mimi. Usinichanganyie mambo."

Faiyaz alikuwa hayasikii haya. Alikuwa ameinua uso kwenye zile taa mbili, amesikitika kama daktari. "Zingine ziko wapi, mama?"

"Chini ya kitanda, mwanangu, nimezifunga na sari yangu ya harusi. Hizo sikuzigusa. Apakuki alinitisha."

Alikwenda akazileta mwenyewe, zimelala katika hariri nyekundu. Faiyaz alivaa glovu, akazihesabu moja moja kwenye mwanga. Tisa, safi kama machozi.

"Tunahitaji nane," alisema, na pumzi alizokuwa amezibana tangu asubuhi zikamtoka. "Saa tatu za kufunga. Magharibi mashine inazunguka."

"Alhamdulillahi na Bwana Krishna na Wajerumani," Parmar alisema, akajifuta jasho. "Sajini, basi yamekwisha. Ni mambo ya nyumbani. Mimi nafuta malalamiko yangu."

"Hafuti," alisema Savitaben.

Wote walimtazama.

"Kwanza Sajini aandike maelezo yangu. Nimeyapanga kichwani tangu jana. Nilichukua bila ruhusa, nikamponza Apakuki, na Faiyaz amefungiwa kwa ajili yangu, jambo ambalo mimi sikulijua mpaka nilipomsikia huyu akibweka dirishani. Nilikuwa navaa viatu nije, ndipo Sajini akagonga." Sauti yake ilishuka. "Hilo la Faiyaz ndilo kosa. Hayo mengine ni papadi."

Losalini aliandika. Mama aliyasoma maelezo, akasahihisha herufi mbili, akaweka sahihi.

"Sasa, Jitendra. Utamwomba radhi Faiyaz, mbele ya watu wale wale uliomwitia mwizi, na utaomba inavyoombwa. Usipoomba, karatasi hii iende mahakamani. Mimi nitakwenda rumande na mfuko wangu, na siku ya harusi utawaeleza wakwe bibi harusi amemwacha wapi nyanya yake."

"Sajini, anaweza kufanya hivyo?"

"Kisheria?" Losalini alifikiri. "Ndiyo. Na tuna kitanda kimoja kizuri, karibu na dirisha."

*

Parmar alizaliwa Lautoka, na baba yake vilevile. Alijua radhi nzito haiombwi kwa mdomo mtupu. Apakuki alikimbia sokoni kwenye mvua, akarudi na fungu la mizizi ya yakona, ile isagwayo kuwa kinywaji cha heshima, minene, imefungwa utepe, na saa nane mchana wafanyakazi wote wa zamu walikaa sakafuni ukumbini, mbele ya mashine iliyokufa. Parmar naye akakaa, miguu amekunja kwa shida, tumbo limemlalia mapajani. Fungu la mizizi likawekwa mbele ya Faiyaz.

Apakuki, kwa kuwa ni mshirika wa kosa na pia ndiye mwenye ulimi, alisema maneno ya kufungua, kwa upole ambao Losalini hakujua kama watu wa Nakoroivau wanao. Kisha akamgusa bosi wake kiwiko.

"Nilikuita mwizi," Parmar alisema. Alikuwa amezoea kusema na watu akiwa amesimama; akikaa chini sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Miaka ishirini na miwili. Sikukuuliza hata swali moja. Nilikufungia mlango. Naomba radhi, Faiyaz bhai, ndugu yangu. Kwa mzizi huu naomba."

Fungu lilikuwa pale, na desturi ni kwamba mkosewa akiligusa, yamekwisha, asipoligusa, hayajaisha. Faiyaz hakuligusa. Mvua ilipiga bati. Mtu mmoja alikohoa, akajutia. Parmar alianza kutokwa jasho kwenye masikio. Losalini, aliyekuwa amesimama mlangoni na karatasi ya kufuta malalamiko mkononi, alijikuta ameshika pumzi, jambo ambalo halimo katika kanuni za kazi.

Kisha Faiyaz aliinama, akaweka viganja viwili juu ya mizizi.

"Nimepokea," alisema.

Makofi matatu, mazito, ya viganja vilivyokunjwa, yakazunguka ukumbi. Faiyaz alikuwa ameshainuka. Alitoa glovu mfukoni, akazivaa, akalala chali chini ya tanuri, nusu mwili ndani, taa ya kwanza ikiwa kifuani imefunikwa kwa karatasi.

"Nataka mtu wa kunishikia tochi," sauti ilitoka ndani. Apakuki aliinuka. "Si wewe. Wewe ukae mbali na taa zangu mpaka Krismasi."

Hakuna aliyejitokeza. Wote walimtazama mtu mmoja. Parmar alijiinua kwa hatua tatu, kwanza magoti, kisha mkono, kisha yeye mzima. Akachukua tochi, akainama kando ya tanuri, shati jeupe likagusa grisi.

"Juu kidogo, bosi. Kushoto. Hapo. Usitikisike."

Hakutikisika. Losalini alisubiri sahihi ya kufuta malalamiko dakika ishirini, kisha akakaa kwenye ndoo, kisha akakubali kikombe cha chai kilicholetwa na Savitaben kupitia tundu la ukutani. Taa ya kwanza iliingia. Ya pili. Kwenye ya tatu, Parmar alikunja uso, akaihamisha tochi taratibu kwenye mkono wa pili, akapumua.

"Bosi," Faiyaz alisema kutoka ndani, kwa adabu kabisa, "sikusema ubadilishe mkono."

Parmar akairudisha tochi kwenye mkono wa kwanza.